Nani Aliyetia Chumvi

"Nani katia chumvi humu?"

Fundi aliuliza hivyo akiwa amepiga magoti mbele ya tangi la kioo, kidude cha kupimia chumvi kikiwa jichoni, na swali lenyewe hakumlenga nalo mtu. Lakini nyumba ilikuwa na watu watatu. Ukimtoa anayeuliza wanabaki wawili, na mmoja wa hao wawili, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazini, mikono kifuani, akimtazama wa tatu. Wa tatu alikuwa mama yake Fundi. Aliketi kwenye kochi akichambua maharage kwenye sinia, na alipoona macho yote yamemgeukia, akaitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kama mtoto aliyeambiwa akanawe.

"Chumvi gani?" akauliza.

"Ya tangi, mama. Siku kumi zilizopita nilitoa maji, nikaweka maji matupu, kipimo kikashuka hadi thelathini na tano. Thelathini na tano ndiyo inayotakiwa. Leo ni thelathini na tisa. Thelathini na tisa! Chumvi haiwezi kuingia yenyewe kwa miguu."

"Na konokono wengine wawili wamekufa," mkewe akaongeza kutoka mlangoni.

"Maskini," alisema mama, na aliwahurumia kweli. Kisha akarudi kwenye maharage yake, maana mawe yalikuwa mengi siku hiyo, au labda alikuwa akiyarudisha yale aliyokwisha kuyatoa.

Tangi halikuwa lao. Lilikuwa la daktari wa meno, ambaye ukumbi wake wa kungojea wagonjwa ulikuwa ukipakwa rangi upya, na harufu ya rangi haipatani na viumbe. Fundi, aliyefunga na kutengeneza viyoyozi kwa miaka kumi na miwili hadi kampuni yake ilipofunga milango, alikuwa amemtengenezea daktari kiyoyozi, wakazungumza, na daktari akamwambia anataka tangi la maji ya bahari lenye matumbawe hai, wagonjwa walitazame wasahau sindano. Alitaka na mtu wa kulitunza, hapo na katika kliniki zake nyingine mbili. Fundi akasema, "Hiyo kazi ndogo." Tangu lini aliyekosa kazi akasema kazi ni kubwa?

Basi tangi likaja kukaa sebuleni kwao, mahali palipokuwa na televisheni, na televisheni ikahamia juu ya friji. Kwa wiki nne Fundi aliyakomaza maji: mchanga, mawe ya baharini, hita, pampu, vidonge vya kupimia hiki na kile. Maji yakageuka kahawia, yakageuka kijani, yakatulia. Wakaja konokono wanane wa kula ukungu na samaki wawili wa rangi ya chungwa. Wiki ya tano akawasha taa kubwa za kuyaandaa kwa matumbawe, na feni ndogo ya kuyapoza, maana taa zilikuwa na joto. Tangu hapo mambo yakaanza kwenda kombo.

Muuza samaki wa mapambo, ambaye watu humwita Bwana Pezi, ndiye aliyeleta neno baya. Alikuja kupima maji kabla ya kuuza matumbawe yake, akachungulia, akatikisa kichwa. "Chumvi imezidi. Mtu anatia chumvi humu. Tumbawe langu siliachi kwenye maji haya, litakauka kama dagaa." Akaenda zake bila hata kumaliza chai, akisema atarudi chumvi ikishashuka. Neno hilo, mtu anatia chumvi humu, likabaki sebuleni pamoja nao, nalo lilihitaji mtu.

* * *

Mtu alipatikana kwa urahisi.

Mama yake Fundi alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi walimpachika jina la Mama Mwiko kwa sababu ya mwiko wake mrefu kama mpini wa jembe, na jina likamfuata hadi uzeeni. Alikuwa na uwezo wa kupika kwa vinywa mia sita bila kuonja, kwa harufu tu. Lakini mwaka huu kichwa chake kilikuwa kimeanza kuvuja. Alikuwa akitia chumvi kwenye mchuzi, anageuka kuchukua kitunguu, akigeuka tena anatia chumvi. Pakiti ya mwezi ilikwisha kwa wiki mbili. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya nne mkewe Fundi, aliyesimama kwenye mashine ya malipo ya duka kubwa tangu asubuhi na miguu ikawa imevimba, alisukuma sahani mbele akala mkate mkavu.

Tena wiki iliyopita alimkuta mama amesimama mbele ya tangi na kikombe mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawatazama hawa wawili. Yule mwembamba ndiye mume."

"Na kikombe?"

Mama Mwiko alikitazama kikombe. Kilikuwa kitupu. Alikuwa amekunywa kilichokuwamo, au alikuwa amekimwaga mahali. Hakujua, na kutojua kwenyewe ndiko kulikomtisha, kwa hiyo akacheka. Mkamwana wake hakucheka.

Sasa, Alhamisi hii ya kipimo cha thelathini na tisa, mkewe Fundi alivua viatu vya kazi, akakaa, akasema yale ambayo wote wawili walikuwa wameyameza kwa siku nyingi.

"Fundi, Jumamosi Bwana Pezi anarudi na matumbawe. Daktari mwenyewe atakuja kuona. Akikuta konokono wamekufa, kazi imekwenda. Mimi simlaumu mama. Nasema tu, dada yako alisema yuko tayari kumchukua."

"Dada anakaa ghorofa ya tatu. Anatoka alfajiri, anarudi jioni."

"Na sisi tunakaa wapi na tunatoka saa ngapi?"

 Fundi alimgeukia mama yake, akashusha sauti kama watu wanavyoshusha sauti wanaposema na mgonjwa, na mama yake alilichukia jambo hilo kuliko yote.

"Mama. Niambie kweli, sitakasirika. Ulitia chumvi kwenye tangi?"

Mama Mwiko aliweka sinia chini. Alijitafuta ndani, kwa uaminifu wote. Alitafuta mkono wake, pakiti, maji, kitu chochote. Palikuwa na ukungu mtupu. Alikuwa na hakika kwamba hakufanya, lakini jana alikuwa na hakika kwamba hajaoga, na taulo lilikuwa bado bichi. Mtu ambaye hawezi kuliapia taulo lake ataliapiaje tangi?

"Labda ni mimi," alisema.

"Labda?"

"Basi ni mimi. Nani mwingine? Nyie mna akili zenu."

Mkewe Fundi akatazama sakafu. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe haukuwa na ladha. Jioni hiyo Fundi alimpigia dada yake simu akiwa nje, uani, na mama alimwona kupitia dirishani akikwaruza ukuta kwa ukucha huku akizungumza. Kisha mkamwana akaingia jikoni, akachukua pakiti ya chumvi, akaifungia kabatini chumbani kwake, akatia ufunguo kwenye pochi. Alifanya hivyo kimya, bila hasira, kama mtu anayemwekea mtoto kisu mbali. Akarudi akapika supu ya maharage mwenyewe, akaitia chumvi kijiko kimoja alichokipima. Ilikuwa nzuri. Fundi alikula bakuli mbili.

Mama Mwiko alikula kidogo. Si supu iliyomkwama. Katika nyumba hii alikuwa ameishi kwa miaka mingi, na hata kichwa kikivuja miguu ilijua: hatua saba hadi chooni, shika mlango kushoto, jiko la gesi linawaka ukibonyeza mara mbili. Nyumba mpya haitaingia tena kichwani. Huko kwa binti yake atakuwa mgeni kila asubuhi, siku zote alizobakiza. Alilijua hilo waziwazi kuliko alivyojua tarehe. Lakini alikuwa amekiri kwa kinywa chake, na aliyekiri hana rufaa.

* * *

Ijumaa asubuhi Fundi aliamka, akatazama tangi. Maji yalikuwa yameshuka chini ya utepe mweusi alioubandika kwenye kioo, kama kila asubuhi. Akachukua ndoo ya buluu, ile ya maji ya bahari aliyoyachanganya vizuri kwa kipimo cha thelathini na tano, akajazia hadi kwenye utepe. Jioni mkewe naye hufanya vivyo hivyo. Walikuwa waaminifu sana katika jambo hilo. Hawakukosa hata siku moja.

"Mama, tafadhali usiguse tangi leo."

"Siligusi."

"Supu ya jana ipo, ipashe tu. Begi lako tutalifunga jioni."

Wakaondoka, mke dukani, Fundi kwenye vibarua vyake vya viyoyozi. Mama Mwiko akabaki na nyumba, na samaki wawili, na begi lililofunguliwa mdomo kitandani.

Saa nne njaa ilimuuma. Akabonyeza jiko mara mbili, akabandika sufuria, akaenda kutafuta kanga zake za kutia kwenye begi. Aliipata moja, akaikunja. Akaipata ile ile akaikunja tena. Aliposikia harufu, alirudi jikoni mbio, mbio za miaka sabini na minne. Supu haikuwa imeungua. Ilikuwa imekauka hadi nusu tu, imekuwa nzito, inachemka kwa povu la polepole. Akachota kwa kijiko, akaonja.

Akatema.

"Nani katia chumvi humu?" alisema kwa sauti.

Akasimama na kijiko mkononi. Jana supu hii ilikuwa sawa. Leo ilikuwa chumvi tupu. Basi ni mimi tena, alifikiri. Akageukia rafu kuitafuta pakiti imthibitishie kosa la mikono yake, na rafu ilikuwa tupu. Akafungua kabati la chini. Tupu. Ndipo akakumbuka: chumvi ilifungiwa chumbani, ufunguo uko kwenye pochi, na pochi iko dukani mtaa wa pili pamoja na mwenyewe. Humu jikoni hamkuwa na punje ya chumvi ambayo mkono wake ungeifikia. Hakuna aliyetia. Na imezidi.

Ukungu ukapasuka kidogo, na ndani yake akaona jiko la shule, masufuria manne makubwa, moshi, na msaidizi mpya, msichana mwenye haraka, akichota maji ya chumvi kwenye sufuria moja kujazia nyingine iliyokauka. Na akasikia sauti yake mwenyewe, changa, kali: "We mtoto! Maji ndiyo yanayoondoka. Chumvi haiendi popote! Sufuria ikikauka unaongeza maji matupu!"

Alitembea hadi sebuleni. Taa kubwa ilikuwa ikiwaka juu ya tangi, feni inavuma, na juu ya ukingo wa kioo palikuwa na ganda jeupe kavu. Pembeni, ndoo ya buluu. Mama Mwiko alivitazama vyote vitatu, taa, feni, ndoo, akapiga makofi mara moja.

"Hee! Nyie watoto! Mnapika samaki!"

Na kabla furaha haijamaliza kumpanda, hofu ikaifuata nyuma. Ilikuwa saa nne na nusu. Fundi anarudi saa kumi. Mpaka saa kumi atakuwa amelipoteza jambo hili. Simu hakuweza kuipiga, namba zilimtoka tangu mwaka jana. Akafunga fundo kwenye pembe ya kanga, halafu akalicheka fundo lile. Fundo hukumbusha kwamba kuna jambo, halisemi ni jambo gani. Alikuwa na mafundo matatu ya wiki hii ambayo hakujua ni ya nini.

Akafikiri kama mpishi. Akaibeba sufuria kwa vitambaa viwili, akaiweka kwenye stuli mbele ya tangi, karibu na ndoo ya buluu, na kijiko ndani. Kisha akakaa kwenye kochi kuilinda, akirudia kwa midomo: maji yanaondoka, chumvi inabaki. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Saa sita alikuwa akiyasema bado. Saa saba alisema maji yanaondoka, akatafuta iliyobaki. Saa nane alikuwa amelala.

* * *

"Fundi! Njoo uone! Njoo uone mwenyewe!"

Alizinduliwa na sauti ya mkamwana wake. Wote wawili walikuwa wamesimama sebuleni na viatu vyao. Mkewe Fundi alikuwa ameshika kichwa.

"Sufuria ya supu mbele ya tangi! Alitaka kuwamwagia! Sasa utaniambia namwonea?"

"Mama," alisema Fundi, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Mama, kwa nini?"

Mama Mwiko aliitazama sufuria. Alilitazama fundo kwenye kanga yake. Alijua kwamba aliiweka yeye, kwamba lilikuwa jambo kubwa, kwamba alikuwa amefurahi. Sababu ilikuwa imekwenda. Aliitafuta hadi machozi yakamtoka, na mwanawe akadhani analia kwa aibu.

"Basi, mama. Yamekwisha. Kesho utapumzika kwa dada." Akainama kuiondoa sufuria.

"Onja," akasema mama.

"Nini?"

"Onja kwanza. Sijui kwa nini. Lakini mimi sikuweka kijiko humo bure. Onja, ndipo uniondoe."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe aliinua mabega. Akachota, akatia mdomoni, akakunja uso kama aliyeng'olewa jino bila ganzi.

"Jana uliweka chumvi kiasi gani?"

"Kijiko kimoja. Ulikula mwenyewe, bakuli mbili."

"Na leo? Ameongeza?"

"Ataongeza nini? Chumvi iko ka..." Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye pochi, na ufunguo ulikuwepo.

Feni iliendelea kuvuma. Fundi alikitazama kijiko, akaitazama supu iliyoganda ukingoni mwa sufuria, akaangalia ganda jeupe kwenye ukingo wa kioo. Kisha macho yake yakashuka taratibu hadi kwenye ndoo ya buluu, yakabaki hapo. Miaka kumi na miwili ya viyoyozi alikuwa amekula kwa kufuata maji yanakokwenda, mvuke huku, matone kule. Wateja wangapi alikuwa amewaeleza, kwa kiburi kidogo, kwamba maji hayapotei bali hupanda hewani?

"Kila asubuhi," alisema polepole. "Mimi kila asubuhi."

"Na mimi kila jioni," mkewe akasema, akakaa chini ghafla. "Lakini ni tangi la chumvi! Ungejazia nini kama si maji ya chumvi?"

"Maji matupu!" Mama Mwiko alisema kwa nguvu hadi samaki wakakimbilia nyuma ya jiwe. Lilikuwa limemrudia lote, na moshi wake, na msichana mwenye haraka. "Sufuria ikikauka unaongeza maji matupu! Chumvi haiendi popote! Nimewaambia mara ngapi?"

Hakuwa amewaambia hata mara moja. Hakuna aliyemsahihisha.

* * *

Basi la Jumamosi, lile la kumpeleka Mama Mwiko kwa binti yake, liliondoka bila yeye. Matumbawe nayo yalisubiri wiki moja, maana Bwana Pezi alisema chumvi ishushwe kidogo kidogo, isije ikawaua samaki kwa wema. Akacheka sana aliposikia kisa chenyewe, akasema hata yeye alipoanza alifanya vivyo hivyo, na Fundi akatamani kumuuliza kwa nini basi hakusema siku ile, badala ya kuacha neno sebuleni akaenda zake. Daktari alinuna, kisha akakunjua uso, maana meno ya watu hayangoji matumbawe.

Mkewe Fundi hakuomba radhi kwa maneno. Jumamosi ile asubuhi Mama Mwiko aliingia jikoni akakuta pakiti ya chumvi imerudi kwenye rafu, mahali pake, na pembeni yake kijiko kidogo kimefungwa kwa uzi. Siku hizi hupika wawili. Mmoja hutia, mwingine hukumbuka. Bado kuna jioni supu inakuwa chumvi, na bado mkamwana huchoka, na siku moja alilia chooni akifikiri hakuna anayesikia. Begi liko juu ya kabati. Hakuna aliyesema halitashushwa tena.

Lakini kuna kitu kimoja kilichomng'ang'ania Mama Mwiko, katika yote yaliyomtoka. Hakukumbuka supu, wala fundo, wala kwamba ni yeye aliyewafumbua macho. Alikumbuka kwamba aliulizwa swali, na kwamba alikiri.

Siku matumbawe yalipofika, Fundi alikuwa amezamisha mkono hadi kwapani, akilikalisha la kwanza juu ya jiwe, tumbawe dogo la zambarau lisilozidi kidole gumba. Bwana Pezi alishika tochi. Daktari alikuwa amevuta kiti. Mama Mwiko akakaribia, akamgusa mwanawe begani mbele ya wageni wote.

"Eti, ni mimi niliyetia chumvi?"

Ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi. Daktari aliwatazama. Fundi alilegeza vidole, tumbawe likasimama lenyewe, akatoa mkono unaochuruzika maji.

"Si wewe, mama. Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Kila asubuhi."

Mama Mwiko alimtazama sana, uso mzima ukilegea, kama anayelisikia kwa mara ya kwanza. Kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kisha akachukua pembe ya kanga akamfuta maji mkononi, kuanzia kwapani hadi vidoleni.

"Haya," akasema. "Usirudie tena, mwanangu."